UZI: Tuzo ya mtaa unaopendeza isitolewe kabla rangi haijapauka

Mleta mada

Wakuu salaam. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka mezani tulijadili. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu wenu.

Miji mingi duniani ina tuzo zake za mwonekano. Kuna ya jengo bora, ya mtaa msafi, ya bustani ya mbele ya nyumba, ya nyumba kongwe iliyokarabatiwa vizuri. Nazipenda tuzo hizi na nitazitetea popote. Halmashauri ina njia kibao za kuadhibu: notisi, faini, tingatinga. Njia za kumshukuru mkazi aliyepanda mti mbele ya nyumba yake na kuumwagilia miaka yote bila kuagizwa na mtu ni chache mno. Tuzo ni mojawapo.

Kinachoniuma ni kwamba nyingi zinatolewa mapema. Jengo limezinduliwa juzi, picha zimepigwa asubuhi mapema mwanga ukiwa laini, hakuna binadamu hata mmoja kwenye picha, jopo linakaa ukumbini linapitia picha hizo, na jioni mshindi anapanda jukwaani. Mvua kubwa ya kwanza haijanyesha juu ya paa lile. Hakuna mtoto aliyerukaruka kwenye yale mabenchi. Hakuna ajuaye nani atabadilisha taa zikiungua. Hapo tumetuza ahadi.

Chukueni Medellín, Colombia, mji ninaouheshimu sana. Walianza na maeneo ya vilimani walikoishi maskini, wakapeleka usafiri wa kebo mwaka 2004, kisha mwaka 2007 wakafungua huko huko Maktaba ya España, majengo matatu yanayofanana na majabali meusi yaliyosimama juu ya kilima. Majarida ya usanifu yaliipenda mno, na mwaka 2008 ikapata tuzo kubwa ya usanifu ya nchi za Iberia na Amerika ya Kusini. Haikumaliza miaka kumi. Vigae vya ukuta wa nje vilianza kuachia, jengo likafunikwa kitambaa cheusi, kisha likafungwa kwa matengenezo makubwa, na watu wa kilimani wakakaa miaka bila maktaba yao. Jopo lingesubiri kidogo lingeyaona hayo kwa macho.

Kusubiri kunawezekana kabisa. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani kina tuzo iliyoanza mwaka 1969 ambayo jengo haliruhusiwi kuigombea mpaka lifikishe miaka 25. La kwanza kuipata lilikuwa Rockefeller Center ya New York. Kwa jengo la umri huo hakuna cha kuficha. Kama ngazi zinateleza, watu wameshaanguka. Kama uwanja wake una kivuli kizuri, watu wameshajizoesha kukaa pale wakati wa mapumziko ya mchana.

Sisemi kila tuzo ya mtaa isubiri robo karne. Nasema hivi: mwenye kutoa tuzo ya mwonekano aangalie matunzo kwanza, aende mwenyewe kwa miguu, na arudi tena baada ya muda. Mwonekano wa mtaa unatengenezwa kila siku na watu wanaofagia, kukata nyasi, kuzibua mitaro na kupaka rangi upya. Mchoro mzuri unarahisisha kazi hiyo, na mchoro mbaya unaifanya kuwa mateso. Ndiyo tofauti ninayotaka majaji waione.

Wapo wanaofanya hivyo. Ireland wana shindano la Tidy Towns, yaani miji nadhifu, lililoanzishwa mwaka 1958 na bodi yao ya utalii. Mshindi wa kwanza alikuwa Glenties, mji mdogo wa Donegal, ambao ulishinda tena mwaka 1959, 1960, 1962, halafu ukaja kurudia mwaka 1995. Wale waliopanda maua mwaka 1958 wengi walishazeeka au kufariki, na bado mji uliweza kushinda. Hilo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko picha yoyote. Jaji anakuja wakati wa kiangazi chao bila kutoa taarifa, anazunguka mji mzima, anaandika ripoti, na ripoti ya kila mshiriki inawekwa hadharani. Aliyeshindwa anajua ameshindwa wapi, na anaanza maandalizi ya mwaka unaofuata akiwa na karatasi mkononi.

Ufaransa nao walianza shindano lao la miji na vijiji vya maua mwaka 1959. Mji unapewa ua moja hadi manne, na idadi hiyo inaandikwa kwenye kibao unapoingia mjini. Majaji wanarudi kila baada ya muda, na ua linaweza kuondolewa. Uzuri wa utaratibu ule uko hapo. Meya anayeacha bustani zife atasimama mbele ya wananchi akieleza kwa nini kibao kimebadilishwa.

Karibuni tujadili.

Kitalu na Miche

Mkuu umegusa kazi yangu. Mimi ni mtu wa kitalu, nauza miche na kutengeneza bustani za watu, kwa hiyo upande wa nyuma wa mashindano haya naujua.

Ikikaribia siku ya majaji wateja wanakuja mbio. Hawataki mche, wanataka ua ambalo tayari limechanua. Ukimwambia apande kitu kitakachopendeza mwakani, anaona unamchelewesha. Tunampa anachotaka, na wiki chache baadaye kila kitu kimekauka.

Kuna kipilefti kimoja kwenye mji nilioufanyia kazi, kilipata nafasi nzuri sana kwenye mashindano. Mimi niliitwa baada ya sherehe, kwa sababu miti ilianza kunyong'onyea. Nikachimba pembeni ya mti wa kwanza kwa mkono, sehemu ya kiganja hivi, nikagusa plastiki. Walikuwa wamechimba vishimo, wakatumbukiza miche na viriba vyake bila kuvichana, wakafukia na kutandaza kokoto nyeupe juu. Mizizi ilikuwa imejizungusha ndani ya kiriba kama kamba iliyoviringwa, haina pa kwenda. Tuling'oa yote. Majaji walisimama pale pale, wakaona kokoto.

Ushauri wangu kwa majaji: muulizeni anayemwagilia, jina lake na anapata wapi maji. Kama hakuna anayejua, bustani hiyo haina miezi mingi ya kuishi. Na mti mmoja tu ungechimbuliwa kidogo pale, kusingekuwa na tuzo.

Mleta mada

Kitalu, ahsante sana, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Uingereza mashindano yao ya Britain in Bloom yalianza mwaka 1964 baada ya kuona yale ya Ufaransa, na tangu 2002 yanasimamiwa na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani. Maksi zao zimegawanywa: ufundi wa bustani, utunzaji wa mazingira, na ushiriki wa wakazi. Kwa hiyo mji hauwezi kununua maua ukashinda. Swali lako la nani anamwagilia limo ndani ya kigezo cha ushiriki, na natamani kila jopo liwe na mtu wa kitalu. Msanifu anajua kusoma mchoro, ila mizizi inamtaka mtu kama wewe.

Mwananzengo

Mleta mada heshima yako. Mimi sikubaliani na mzizi wa mada. Mtaa wenye mitaro iliyoziba na vyoo vinavyofurika hauhitaji tuzo ya urembo, unahitaji mitaro. Pesa za kikombe, jukwaa na chakula cha wageni zingezibua mitaro mingapi? Halafu wasanifu wanatuzana wenyewe kwa wenyewe. Pruitt-Igoe, ule mradi wa maghorofa ya makazi ya umma kule St. Louis, Marekani, walipewa tuzo, baadaye serikali ikalipua yale maghorofa kwa baruti. Hayo ndiyo matokeo ya tuzo za wasanifu.

Mleta mada

Mwananzengo, hoja ya kwanza naikubali kwa moyo wote, na ninaongeza nguvu. Mtaro unaopitisha maji ni sehemu ya mwonekano. Harufu ni sehemu ya mwonekano. Tuzo ya Aga Khan ya usanifu ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1980, miongoni mwa washindi ulikuwamo mpango wa kuboresha vitongoji vya Jakarta, ulioanza mwaka 1969. Mpango ule ulijenga njia za waenda kwa miguu, mitaro, mabomba ya maji na vyoo katikati ya nyumba ambazo watu walikuwa wameshajijengea. Haukubomoa vitongoji ili uanze upya. Jopo la watu wenye majina makubwa liliangalia njia nyembamba ya zege yenye mtaro pembeni, likasema huu ni usanifu bora. Uamuzi ule nauona ni wa maana kuliko tuzo nyingi za maghorofa ya vioo.

Hoja ya pili ina kasoro mkuu wangu. Pruitt-Igoe haikupewa tuzo ya chama cha wasanifu. Habari hiyo imerudiwa sana mpaka ikaonekana kweli. Mradi uliosifiwa na kutuzwa ulikuwa Cochran Gardens, wa ofisi hiyo hiyo ya wasanifu na katika mji huo huo. Pruitt-Igoe ilianza kubomolewa mwaka 1972, na chanzo hakikuwa mchoro peke yake. Wapangaji walihama kwa wingi, kodi zao ndizo zilizotegemewa kulipia matengenezo, kwa hiyo kila aliyehama aliacha pengo kwenye mfuko wa kutengenezea lifti na mabomba. Tunarudi pale pale kwenye matunzo.

Mwananzengo

Hapo kwenye Cochran nimejifunza, ahsante. Na nikiri kwamba huo mfano wa Jakarta umenigusa. Kama tuzo zingekuwa za namna hiyo nisingekuwa na neno. Kigali nayo ilipewa hati ya heshima na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, mwaka 2008, na kilichotajwa hakikuwa majengo marefu, yalikuwa mambo ya mifuko ya plastiki, uzoaji taka na usalama. Rwanda wana umuganda, kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi watu wanatoka kufanya kazi za jamii. Huwezi kuandaa kitu kama hicho kwa ajili ya siku moja ya majaji.

Ramani

Wakuu mmesahau upande wa pili. Kusifia kunasaidia, kuaibisha kunasaidia zaidi. San Diego, Marekani, tangu mwaka 1976 wana tuzo za Okidi na Vitunguu. Mradi mzuri unapewa okidi, lile ua la kifahari, mbaya unapewa kitunguu, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kupendekeza. Mjenzi atafikiri mara mbili kabla ya kuweka ukuta mtupu wa zege kwenye njia ya watu akijua kitunguu kinamsubiri. Mbona mleta mada huligusi hili?

Mleta mada

Sikuligusa kwa sababu lina pande mbili, na nafurahi umelileta. Kitunguu cha San Diego nakikubali. Anayekipokea ni mtu mwenye fedha na uamuzi, aliyechagua kujenga vile, na anaweza kujirekebisha mradi ujao. Pia kinafundisha watu kuangalia. Mwananchi akishajifunza kusema kwa nini jengo fulani linamkera (halina mlango upande wa barabara, linamulika jua machoni kwa watu, limekata njia ya mkato iliyokuwepo) ameanza kuwa mshiriki wa mipango miji.

Nisichokikubali ni kuaibisha mji mzima. Uskoti kulikuwa na tuzo ya mji unaochusha, na Cumbernauld ulipewa mwaka 2001 na tena 2005. Cumbernauld ni mji uliobuniwa na wapangaji wa serikali baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kitovu chake ni jengo kubwa la zege lililochorwa na watu wengine kabisa. Mkazi wa pale hakuchora kitu. Kijana anayetafuta kazi akitaja anakotoka watu wanacheka. Lawama imemwangukia asiyehusika, na aliyehusika hayupo.

Dada Mkubwa

Kaka zangu nawasoma kwa makini, naomba na mimi niseme la wapangaji. Mtaa ukishatangazwa umependeza, wenye nyumba wanapandisha kodi. Sisi tuliofagia, tuliopanda, tuliokesha kulinda miche isiliwe na mbuzi, ndio tunaohama. Na kabla ya majaji kufika, wachuuzi wa pembeni ya barabara wanafukuzwa ili picha itoke safi. Wakishaondoka majaji, wanarudi wale ambao mitaji yao haikufa. Mtaa wetu ulishawahi kupita humo, siwezi kuutaja. Kwa hiyo mkisema matunzo, semeni pia watunzaji wabaki.

Mleta mada

Dada, hili ni zito, na kwenye vigezo vya tuzo nyingi halimo kabisa. Linastahili kuwemo.

Nikupe mfano mmoja ambao naurudia kila ninapopata nafasi. Yogyakarta, Indonesia, chini ya daraja la Gondolayu, kwenye ukingo wa mto Code, waliishi watu maskini sana kwenye vibanda. Mamlaka zilitaka kuwaondoa. Padri mmoja aliyekuwa pia msanifu na mwandishi, Mangunwijaya, akasimama nao, akafikia hatua ya kutishia kugoma kula. Wakajenga pamoja na wakazi na vijana wa kujitolea. Waliimarisha ukingo kwa mawe, wakasimamisha nyumba za mbao zenye kuta za mianzi iliyosukwa na mapaa yenye mteremko mkali, kisha kuta zikachorwa maua, wanyama na mazimwi kwa rangi kali. Rangi ilikuwa ya bei nafuu, na mianzi ni kitu ambacho mkazi mwenyewe anaweza kukibadilisha kikioza. Mwaka 1992 kitongoji kile kilipata Tuzo ya Aga Khan. Tuzo ile ilikwenda kwa watu waliokuwa wanaambiwa wao ndio uchafu wa mji.

Kwa hiyo napendekeza jopo liulize moja kwa moja: waliokuwa wakiishi na kufanya biashara hapa kabla ya mradi wako wapi leo? Wakikuta wamefukuzwa, mtaa uondolewe kwenye shindano hata kama unang'aa. Na wachuuzi wahesabiwe kuwa sehemu ya usanifu: wamepewa kivuli, maji, mahali pa taka? Mtaa uliowapangia nafasi nzuri wachuuzi wake upate maksi za juu.

Fundi Bomba

Yote sawa, lakini rushwa? Jaji akipokea bahasha, vigezo vyote vinakwenda na maji. Huko huko Indonesia wana tuzo ya miji misafi, Adipura, iliyoanza mwaka 1986, ikasimama mwaka 1998, ikarudi 2002. Aliyekuwa meya wa Bekasi alitiwa hatiani na Mahakama ya Juu mwaka 2012 kwa ufisadi, na mojawapo ya mambo yaliyomtia hatiani ni fedha za kuusaidia mji kupata Adipura ya 2010. Watu wanaiba fedha za umma ili waonekane wasafi!

Mleta mada

Fundi, tuzo ikishakuwa mtaji wa siasa, bahasha zitatembea. Dawa ninayoiamini ni uwazi wa mambo yote isipokuwa siku ya kufika. Majina ya majaji yajulikane, ripoti zichapishwe zote hata za walioshindwa, na makampuni ya ujenzi yasifadhili tuzo ambayo yenyewe yanashindania. Siku ya jaji kufika ibaki siri. Na jaji wa mtaa fulani asiwe mtu wa mtaa huo wala jirani yake.

Kuna jingine. Meya asiwe mgombea. Tuzo ikienda kwa mtaa, shule, kikundi cha akina mama, fundi aliyejenga ngazi, haina faida kubwa kwa mwanasiasa, na kishawishi cha kuinunua kinapungua. Aga Khan huwa wanagawa fedha za tuzo kati ya wahusika mbalimbali wa mradi, wakiwemo mafundi na wenye mradi, wala hawampi msanifu peke yake. Fundi aliyepanga vitofali vya njia vizuri mpaka maji hayatuami anastahili jina lake lisomwe.

Kitalu na Miche

Mleta mada, nimeongea na watu wa halmashauri ndogo ninakofanyia kazi sasa. Wanataka kuanzisha kitu cha namna hii, hawana fungu kubwa. Waanzie wapi?

Mleta mada

Habari njema hiyo mkuu. Waanze na mitaa michache iliyojiandikisha yenyewe, wasilazimishe mtu. Raundi ya kwanza isiwe na mshindi kabisa, iwe ya kutembelea na kuandika ripoti tu, ukurasa mmoja kwa kila mtaa: kilichopendeza, kinachoharibika, kinachoweza kurekebishwa na wakazi, na kinachohitaji mkono wa halmashauri. Hicho cha mwisho ni muhimu sana. Ripoti ikisema karavati imevunjika, halmashauri iwe na tarehe ya kuitengeneza, la sivyo wakazi wataona wanapimwa kwa kosa la mwingine.

Wapite baada ya mvua, wapite na usiku pia. Taa, giza kwenye kona, mwanamke anayetoka kazini anapita wapi, hayo hayaonekani mchana. Maoni ya wakazi yapewe maksi halisi, kama India walivyofanya kwenye upimaji wao wa usafi wa miji ulioanza 2016. Kule mji wa Indore ulikamata nafasi ya kwanza mwaka 2017 na kuishikilia miaka mingi mfululizo, na msingi wake ulikuwa magari ya taka yanayopita nyumba kwa nyumba na wakazi kutenganisha taka kabla hazijatoka ndani.

Zawadi isiwe kikombe. Iwe kitu kinachopunguza kazi ya matunzo: tangi la maji, mipira ya kumwagilia, zana, au mshahara wa mtu wa kutunza bustani kwa muda fulani. Kibao kiwekwe kama cha Wafaransa, chenye nafasi ya kubandua na kubandika, na mtaa ukaguliwe tena kabla ya kuhuisha.

Na kwenye kanuni waandike kwamba jopo lina haki ya kutompa mtu yeyote. Ile tuzo ya miaka 25 ya Marekani, mwaka 2018 jopo halikuona jengo linalostahili, likaacha nafasi wazi. Mwaka uliofuata wakampa jengo la Sainsbury la makumbusho ya sanaa ya London, lililokuwa limefunguliwa tangu 1991. Waambie wakikwama kwenye kuandika vigezo waje hapa kwenye uzi, rasimu tutaipitia pamoja, na wewe utatusaidia kwenye kile kipengele cha miche na mizizi.